Gia ya Kushukia

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wazee wale hawakuwahi kuliona Fuso lenye gunia mia za vitunguu likiteremka ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu, lakini maneno yao yanalihusu Fuso hilo hilo. Kupanda, ndugu msomaji, ni suala la nguvu. Injini ikiwa nayo utafika, isipokuwa nayo utasimama pembeni na wenzako watakupita. Kushuka ni suala la akili. Kwenye mteremko hata gari bovu lina mbio, na hata dereva mbovu anaonekana fundi, mpaka ifike kona.

Sisi wa Engutoto mambo ya mteremko hatuyasomi kitabuni. Mji wa Arusha umekaa miguuni mwa Mlima Meru, kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mlima wenyewe umepita mita 4,500. Themi, Naura, Burka na wenzao wote wanatoka huko juu na kuelekea kusini, na ukimwaga ndoo ya maji mlangoni utaona nayo yanatafuta njia hiyo hiyo. Kwa hiyo alfajiri, watu wakiwa bado wanatafuta viatu, utawasikia bodaboda wakishuka. Au niseme hutawasikia. Mshkaji akifika juu ya kilima anazima swichi, pikipiki inateleza kimya kama paka, abiria kakumbatia mkoba wake nyuma, na petroli haiungui hata tone. Ukimuuliza atakwambia, "Kaka, mafuta bei." Hasemi uongo, mafuta ni bei kweli. Lakini kuna hesabu moja hajaifanya, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Hesabu yenyewe sikuipata darasani. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja na sura yake, nilipanda lori kama taniboi. Tulikuwa tunabeba vitunguu kutoka Mang'ola, kule karibu na Ziwa Eyasi. Tunapita Karatu na Rhotia, tunashuka ukuta hadi Mto wa Mbu, halafu Makuyuni, Kisongo, na kumalizia soko la Kilombero hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kufunga turubai, kulinda mzigo, kununua chai na kubeba kabari, kile kipande cha mti kinachowekwa kwenye tairi gari likisimama mlimani. Dereva wangu alikuwa mtu mzima, Mmeru, mpole, mvaa koti hata jua likiwa kali. Jina lake silitaji. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita Dogo, na hayo yalitutosha.

Mzee alikuwa na tabia moja iliyonichosha mwanzoni. Kila tulipokaribia kuanza kushuka ule ukuta, pale ambapo watalii husimama kulitazama Ziwa Manyara na nyani husimama kuwatazama watalii, yeye alikuwa anaegesha. Hatuna pancha, injini haichemshi, yeye anaegesha. "Dogo, kabari." Naruka, naweka kabari. Anazunguka gari lote, anagonga tairi moja moja kwa fimbo, anainama kusikiliza kama kuna upepo unaovuja kwenye mipira ya breki, anarudi kutazama geji ya upepo. Kisha anapanda, anaingiza gia namba mbili, ndipo anaachia breki ya mkono. Hakuanza na namba nne ili tuone huko mbele. Namba mbili tangu juu, hadi chini kabisa.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwa nini tusianze na nne, mwendo ukizidi ndiyo turudishe?"

Hakucheka. Alisema, "Dogo, gia ya kushukia inachaguliwa huku juu. Huko katikati hakuna duka la gia."

Nilidhani ni maneno ya kizee. Baadaye fundi mmoja wa gereji za Unga Limited alinichambulia, nikaona kwamba Mzee alikuwa ametaja sheria ya chuma, siyo methali. Lori lenye mzigo likishashika kasi mteremkoni, gia ndogo haikubali tena kuingia. Ili iingie, injini inatakiwa izunguke kwa kasi inayolingana na ya magurudumu, na kwa gia ndogo kasi hiyo inakuwa kubwa kuliko injini inavyoweza kubeba. Dereva anakanyaga klachi, anaitoa nne, anaisukuma mbili, sanduku la gia linasaga meno, na mkono unabaki na rungu lisiloshika kitu. Hapo hana nne wala mbili. Yuko fri, na gari linaongeza mwendo kila sekunde anayohangaika. Ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa na kanuni yao: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Kwa malori ya siku hizi yenye injini zenye nguvu, yanayopanda hata na gia kubwa, inafaa kwenda chini zaidi ya hapo.

Sasa mtu atauliza, na breki je, zimewekwa za nini? Swali zuri. Tufanye ile hesabu.

Breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari linaposhuka, uzito wake unatoa nguvu, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Fuso letu lilipokuwa na mzigo tuseme lilikuwa tani 15. Likishuka mita 100 tu kwenda chini, siyo urefu wa barabara bali kimo, nguvu inayotoka inatosha kuchemsha zaidi ya madumu mawili ya maji, yale ya lita 20, kuanzia maji ya baridi ya asubuhi. Chukua lori lenye tela, lililojazwa mpaka tani 56, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mita hizo hizo 100 zinachemsha madumu manane. Ukuta wa Bonde la Ufa una mita 100 ngapi? Kuta za kreta ya Ngorongoro, kutoka ukingoni hadi chini, ni kama mita 600. Madumu hayo yote ya maji ya moto, dereva anayekanyaga breki mfululizo anayamwagia kwenye vile vibati vya breki na dramu zake.

Vibati vikipata moto kupita kiasi vinapoteza mshiko, vinakuwa kama sabuni. Dramu nayo ikipata joto inatanuka, inakimbia vibati, na dereva anakanyaga zaidi kutafuta kitu kilichosogea mbali. Kwenye magari yanayotumia mafuta ya breki, mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedeli inazama mpaka sakafuni bila kazi. Kwenye magari ya upepo, kila ukanyagaji unakula upepo kwenye matanki, na ukikanyaga-achia, kanyaga-achia, upepo unaisha haraka kuliko unavyojazwa. Halafu angalia mtego ulivyo: ukiwa fri, injini iko mwendo wa silensa tu, kwa hiyo kompresa inayojaza upepo nayo inajaza kwa uvivu. Yaani yule anayezihitaji breki kuliko wote ndiye aliyezinyima chakula.

Gia inafanya kitu tofauti. Ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kazi inageuka: badala ya injini kuzungusha magurudumu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Na injini, ndugu yangu, ni mvivu wa kuzungushwa. Inataka kuvuta hewa, inataka kuibana, vyuma vyake vinasuguana, feni na pampu ya maji zinadai haki yao. Gia ikiwa ndogo, injini inazungushwa mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na uvivu wake unazidi. Joto linalotokea linapitia kwenye rejeta na bomba la egzosi, vitu vilivyotengenezwa kulipokea joto mchana kutwa. Breki zinakaa baridi, zikisubiri dharura, na hiyo ndiyo kazi yake halisi.

Kwenye injini ya petroli, ukiondoa mguu kuna kilango cha hewa kinachofunga, na pistoni zinavuta hewa kama mtoto anayenyonya mrija uliobanwa. Injini nyingi za dizeli hazikuwa na kilango hicho. Zinabana hewa sana, lakini hewa iliyobanwa inarudisha pistoni kwa nguvu kama springi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inarudi ilikotoka. Ndiyo maana malori kama Fuso yakawekewa breki ya egzosi: unavuta kiwiko pembeni ya usukani, kilango kinaziba bomba la moshi, injini inajisukuma dhidi ya pumzi yake yenyewe. Ile "shwaaa" unayoisikia lori likishuka ndiyo hiyo. Ni lori linalopumua kwa kubanwa, na ni sauti ya usalama.

Kuna aliyelipeleka jambo hili mbali zaidi. Mmarekani Clessie Cummins, ambaye jina lake limeandikwa kwenye injini za malori mengi yanayopita hapa kwetu, mwaka 1931 alikuwa anaendesha lori la dizeli kutoka New York kwenda Los Angeles kuonyesha ubora wa injini yake. Kule California, kwenye mteremko wa Cajon Pass, breki zilimkimbia, na mbele yake treni ya mizigo ilikuwa inakatiza barabara. Treni ilimaliza kupita, naye akapita, kwa tofauti ya kiduchu. Hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye alibuni mtambo unaofungua vali za moshi mara tu injini inapomaliza kubana hewa, ili ile springi isipate nafasi ya kurudisha pistoni. Mtambo huo uliingia sokoni mwaka 1961. Mtu aliyetengeneza injini za kupanda milima alitumia uzee wake kutafuta namna ya kuishuka. Nikifikiria hilo namkumbuka Mzee.

Maana Mzee hakudumu. Mwenye lori alikuwa mtu wa mjini, mtu wa kalkuleta, hakuwa mbaya kwa tabia. Alikuwa anapima vitu viwili: saa na lita. Akagundua kwamba malori mengine yanafika sokoni kabla ya letu, na anayefika mapema ndiye anayepata bei ya asubuhi. Akamwita Mzee, akamwambia mbele yangu, "Mzee, wenzako mteremkoni wanaweka fri. Wewe unanichomea mafuta mlimani na bondeni." Mzee akajibu kwa adabu, "Bosi, mlima nitakupandishia kwa namna unayotaka. Kushuka niachie mimi." Baada ya wiki hiyo hakuitwa tena kazini. Hapakuwa na barua wala kesi, simu tu haikupigwa. Dereva wa aina ile hana chama cha kumtetea, na lori halina mkataba, lina funguo tu: ukinyang'anywa, basi.

Kinachouma ni kwamba kwenye suala la mafuta mwenye lori hakuwa sahihi. Kwenye mteremko mkali, ukiwa kwenye gia na mguu uko nje ya mafuta, pampu ya dizeli inakata mafuta, kwa sababu injini inazungushwa bure na magurudumu. Magari ya kisasa ya petroli yanayotumia sindano badala ya kabureta yanafanya hivyo hivyo. Ukiweka fri ndipo injini inabidi ichome mafuta kidogo ili isizime. Kwa hiyo, pale ambapo ungelazimika kubana breki hata hivyo, fri ndiyo inayochoma na gia ndiyo inayookoa. Imani ya fri ilikuwa na ukweli fulani enzi za magari ya kabureta, ikarithishwa kutoka dereva hadi taniboi, na gari lilipobadilika hakuna aliyeirudisha imani gereji.

Dereva mpya alikuwa kijana, mcheshi, muziki juu. Kule ukutani hakuegesha. Alipofika kwenye kichwa cha mteremko aling'oa gia, akaachia. Kwanza ilikuwa raha, sitadanganya: upepo dirishani, ziwa linameta chini, lori zima limekuwa jepesi kama baiskeli. Kona ya kwanza akabana breki, kona ya pili akabana, ya tatu nikasikia ile harufu, kama mpira na nywele vinaungua pamoja. Nikatazama geji, mshale wa upepo unashuka. Kisha king'ora cha upepo kikaanza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Akaacha kuimba. Akatafuta gia, sanduku likasaga. Niliishika kabari mapajani kwa mikono miwili, ingawa najua kabari haina kazi yoyote ndani ya lori linalokimbia. Kwenye kona ya mwisho tulipita pale ambapo ng'ombe walikuwa wameshavuka, vumbi lao bado liko hewani.

Tulipofika tambarare lori likapunguza lenyewe, akaegesha, magurudumu yote ya nyuma yanatoa moshi. Akajifuta jasho, akaniambia, "Umeona? Nusu saa tumeokoa." Tukakaa hapo saa nzima tukisubiri breki zipoe.

Tulipofika Kilombero nilichukua begi langu na sikurudi tena. Nyumbani mama alikuwa anaitegemea hela ile kwa kodi ya chumba, na nilijipanga kwa maneno mengi ya kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Bora tulale na deni, mwanangu, kuliko nilale nawe msibani." Kodi tuliilipa kwa shida miezi miwili. Sikupewa medali.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu barabara zetu bado zinateremka. Barabara inayotoka Namanga inapita bega la magharibi la Meru, Oldonyo Sambu, kisha inashuka kupitia Ngaramtoni kuingia mjini. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni Kibaoni, lori ambalo lilielezwa kuwa lilifeli breki liliyagonga magari mengine matatu, na watu 25 walikufa, wakiwemo wageni waliokuja kufanya kazi kwetu. Neno "kufeli breki" tumelizoea mno, tunalisoma gazetini kama tunavyosoma "mvua ilinyesha". Lakini breki hazikati roho zenyewe. Kabla hazijafeli zimepashwa moto, zimeishiwa upepo, zimelika bila kubadilishwa, au zimeachiwa peke yao kazi ya injini. Kufeli ni mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake uko kilomita kadhaa nyuma, na mara nyingine uko ofisini kwa mwenye gari.

Wenzetu wa Kenya wanalijua hilo. Eneo la Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, lilipata jina baya kwa miaka mingi, na tabia ya madereva wa malori kuachia fri ili kubana mafuta ililaumiwa mara kwa mara. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia wafanyabiashara, abiria na bodaboda waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Sisi tuna Kitonga kule Iringa, tuna Sekenke kule Singida. Kila dereva wa masafa anayajua majina haya kama mwumini anavyoyajua majina ya mitume.

Na iko siku ambayo Arusha haitaisahau. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka hapa mjini kwenda Karatu kwenye mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni pale Rhotia, mvua ikiwa imenyesha na barabara ikiwa inateremka. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki. Watoto watatu walinusurika, wakapelekwa Marekani kutibiwa. Mei 8 tulijaa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuyaaga majeneza yale, na nani aliyekuwapo anaweza kuusahau ule mstari mrefu. Siitaji ajali hiyo ili nimfundishe marehemu udereva, la hasha. Naitaja kwa sababu ile ndiyo njia yetu ya vitunguu, na kwa sababu siku hizi mimi mwenyewe ninabeba watoto wa shule.

Ninaendesha Noah ya mtu. Ni otomatiki, haina klachi, na hapa ndipo nakutana na ugonjwa mpya. Watu wengi wanaamini kwamba gari la otomatiki lina kwenda na kusimama basi. Hebu tazama rungu lake: P ya kuegesha, R ya kurudi, N ambayo ndiyo fri yenyewe imevaa suti, D ya kwenda, halafu 2 na L. Hizi mbili za mwisho wenye magari wamezinunua, zikasafirishwa baharini kutoka Japani, zikalipiwa ushuru, na hazijawahi kuguswa. Ukiliacha gari kwenye D mteremkoni, nalo kwa wema wake linakupandishia gia juu, linadhani unataka kukimbia. Ukiweka 2 linazuiwa kupanda zaidi ya gia ya pili. Ukiweka L linabaki kwenye ya kwanza, kwa ile miteremko ya kusimamisha nywele. Kuna na kile kitufe cha O/D ubavuni: ukikizima, gari linanyimwa gia ya juu kabisa, na hilo pekee linatosha kwa mteremko wa wastani. Magari mapya yana S, au B, au alama za kujumlisha na kutoa. Herufi zimebadilika, somo ni lile lile.

Kinachotakiwa ni kupunguza mwendo kwanza kwa breki, ukiwa bado juu, ndipo uvute rungu, hatua moja moja. Usilivute L ukiwa kwenye mwendo wa 80, utaumiza gari na kushtua abiria. Na wakati wa masika, kwenye udongo wetu mweusi wa Meru unaoteleza kama mlenda, usiiachie gia ndogo ghafla, maana magurudumu yanaweza kuserereka. Ingia mteremkoni taratibu, gia ikiwa tayari, mguu ukiwa mwepesi. Na kumbuka kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya kuuzuia inazidi mara nne. Tofauti ya 40 na 80 si arobaini.

Siku za mwanzo, nilipoweka 2 kwenye mteremko wetu, injini ilipandisha sauti na mtoto mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Anko, mbona gari linalia?" Nikamwambia, "Halilii, linajizuia." Sasa wameshajifunza. Nikisahau kuongea, wao kwa wao wanaambiana, "Linajizuia hilo." Wazazi ndio wagumu. Mama mmoja alinipigia simu, "Baba, yule mwingine anawafikisha dakika kumi kabla yako." Nilimjibu kwa heshima zote kwamba dakika zile kumi ninazo, nimezihifadhi kwenye breki. Hakuridhika, lakini mwanawe bado anapanda kwangu.

Sasa nikugeukie wewe, kijana mwenzangu. Nimewaona washkaji wengi wakishuka fri bila gari. Mmoja alianza na mkopo wa simu wa shilingi elfu ishirini, akakopa wa pili kuulipa wa kwanza, na alipotaka kurudisha gia hazikuingia. Mwingine alianza kubeti kwa utani. Hakuna aliyeambiwa abadili mwendo akiwa bado juu, wakati mkono una nguvu na gia inakubali. Wote tuliwapigia kelele za breki walipokuwa katikati, na breki zilikuwa zimeshaungua. Hata sisi tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa huo. Hadithi zetu nyingi zinapanda vizuri kurasa kumi za mwanzo, halafu mwandishi anaona mwisho kule chini, anachoka, anaweka fri, na wahusika wote wanakufa kwenye ukurasa mmoja.

Mzee alistaafu kwa nguvu. Nasikia analima migomba yake huko juu Meru, na nikipata siku nitakwenda kumwamkia. Sijui kama kuna ofisi inayohesabu ajali ambazo hazikutokea. Kama ingekuwapo, angekuwa na faili nene.

Wewe huendeshi, unapanda tu? Bado una kazi. Umelipa nauli, una mdomo, na una masikio. Gari linaloshuka vizuri lina sauti: injini inanguruma kwa kulalamika, lori linatoa ile "shwaaa". Mwambie kwa upole, "Suka, piga gia bwana, tuna watoto nyumbani." Wengine watakucheka, wacha wacheke. Lakini ukisikia injini imenyamaza mteremkoni, wewe usinyamaze.